Nembo za Magari ya Kimarekani ya Miaka ya 1960: Kubandua, Kutoboa na Kufunga

Mwongozo huu ni wa fundi bodi na fundi rangi anayepokea karakanani gari la Kimarekani la miaka ya 1960 au la mwanzoni mwa miaka ya 1970: Mustang, Camaro, Chevelle, GTO na mengine ya aina hiyo, ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Kazi ya nembo huonekana ndogo, kwa hiyo huachiwa mwanafunzi siku ya mwisho, mwenye gari akiwa amesimama mlangoni anasubiri. Tuache desturi hiyo. Tundu likikosewa kwa milimita 5 kwenye fenda iliyokwisha kupigwa rangi, itabidi kuliziba kwa kuchomelea, kupaka puti, kupiga msasa na kuanza rangi upya.

Kabla ya kushika bisibisi, jua nembo ya gari hilo inasema nini. Viwanda viliitumia kutangaza injini, na tangazo halikulingana na vipimo kila mara. Pontiac GTO ya 1964 hadi 1966 imeandikwa lita 6.5 kwenye fenda, ilhali injini yake ya inchi za ujazo 389 haifiki hata lita 6.4. Chevelle SS ya 1970 iliendelea kuandikwa 396 wakati injini yenyewe ilikuwa imeshafika inchi 402. Nayo Camaro Z/28 ya 1967 ilitoka kiwandani bila nembo ya Z/28 kabisa; ilijulikana kwa mistari yake mipana juu ya bonneti na buti. Fundi asiyejua haya atasahihisha kisicho kosa, na gari litapoteza ushahidi wa lilivyozaliwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la uaminifu. Mteja anaweza kuleta Camaro ya kawaida na kuagiza ifungwe nembo za SS. Gari ni lake na ana haki. Lakini kwa Camaro za 1967 hadi 1969, namba ya chesi haionyeshi kama gari lilikuwa SS au la, kwa hiyo mnunuzi wa kesho ataiamini nembo. GTO ya 1966 hadi 1971 ni afadhali, maana namba yake huanza na 242. Zile za 1964 na 1965 zilikuwa LeMans zilizoongezewa vifaa, na namba yao haithibitishi lolote. Andika kwenye karatasi ya kazi kwamba nembo zimefungwa kwa agizo la mwenye gari na hazikutoka na gari kiwandani. Mpe nakala, nawe baki na yako.

Sasa kubandua. Nembo nyingi za wakati ule ni zinki ya kumimina iliyopigwa kromu. Zinki ya miaka 50 na zaidi huvunjika kama biskuti. Nyuma ya nembo kuna pini mbili au tatu, nyembamba, nyingi zikiwa na unene wa takriban milimita 3. Pini hizo hupita kwenye matundu ya bodi, kisha hushikwa kwa nati nyepesi inayojikatia njia kwenye pini, au kwa klipu ya mrija iliyokaa ndani ya tundu. Usichokoe kwa bisibisi kutoka mbele. Ingia kwa nyuma: fungua bonneti au buti, au toa kinga ya matope iliyo ndani ya fenda, umulike kwa tochi ujue ni nati au ni klipu. Kama ni nati yenye kutu, ilowekee mafuta ya kulegeza, usubiri, halafu ifungue robo mzunguko, irudishe, ifungue tena. Ukisikia inazunguka laini bila kutoka, acha: pini ndiyo inayojisokota. Ikate nati kwa koleo la kukatia. Nati mpya ni ya bei ndogo, nembo halisi huenda isipatikane tena.

Kama ni klipu, sukuma ncha ya pini kutoka nyuma kidogo kidogo, upande huu na upande ule kwa zamu, huku mwenzako akiipokea nembo mbele. Mbele bandika kwanza tepu ya karatasi kuizunguka, ili rangi isikwaruzwe. Nembo iliyogandishwa kwa gundi na fundi aliyekutangulia ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake kama unayekata sabuni.

Pini ikivunjika, usitoboe nembo mpaka mbele. Sawazisha mahali ilipokatika, gandisha pini mpya yenye kitako kipana kwa gundi ya epoksi ya chuma, na uiache ikauke kwa muda wote uliotajwa kwenye kopo.

Kutoboa kunahitaji subira kuliko yote. Fenda mpya nyingi huja bila matundu, au na matundu ya mwaka mwingine. Kabla ya kuitupa fenda ya zamani, bandika juu yake karatasi ngumu, chora ukingo wa fenda, mstari wa bodi na kila tundu. Kama imeshapotea, chukua vipimo upande wa pili wa gari na uvigeuze. Usikadirie kwa picha. Nembo za kununua hutofautiana na za kiwandani kwa milimita moja au mbili kati ya pini na pini, kwa hiyo ijaribishe nembo yenyewe kwenye karatasi yako kwanza. Halafu tia alama juu ya tepu, gonga senta panchi, toboa kwa biti nyembamba na upanue hatua kwa hatua. Haya yote yafanyike kabla ya rangi ya mwisho. Lainisha ukingo wa kila tundu na uupake praima, kwa sababu kutu ya fenda hizi hupenda kuanzia hapo.

Siku ya kufunga, rangi iwe imekomaa, siyo imekauka kwa kuguswa tu. Zungushia kila pini ute wa kuzibia maji usiogandisha kromu, ingiza nembo kwa mkono, kaza nati mpaka iguse bodi, kisha ongeza nusu mzunguko na uishie hapo. Nembo isipolala sawa kwenye mviringo wa fenda, itoe utafute sababu. Usiilazimishe kwa nati. Nembo za pembeni zikiwa jozi, hakikisha ya kulia imekwenda kulia.

Baada ya siku moja mwaga maji juu ya kila nembo na uangalie nyuma kwa tochi. Kukiwa kukavu, rudisha kinga ya matope, na umkabidhi mwenye gari nembo za zamani, hata zilizovunjika, kila moja katika mfuko wake ulioandikwa mahali ilipotoka.