Kutengeneza Neno Lililomwumiza Mwalimu



Katika somo hili tunatazama jambo linalotokea mara nyingi darasani. Mwanafunzi anasema neno, mwalimu anaumia, na yule mwanafunzi hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Tunauliza: je, mtu ambaye hakukusudia kukosa anapaswa kuomba samahani? Na akienda, aseme nini? Somo hili tulisome na Biblia mkononi.

I. NENO LENYEWE LINATOKA WAPI

Hapa Vitshumbi, kandokando ya Ziwa Edward, mtoto anasikia Kinande, Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili kabla ya kuingia shule. Halafu shuleni anakuta Kifaransa. Akifika sekondari, anafikiri katika lugha moja na kujibu katika nyingine. Hapo njo kosa linapoingia.

Mfano wa kwanza. Mwalimu wa hesabu ameandika ubaoni: 7 × 8 = 54. Mwanafunzi ananyosha mkono upesi, amefurahi kwa kuwa ameona, anasema: «Mwalimu, unatudanganya!» Darasa lote linacheka. Mwalimu anafuta ubao, anakaa kimya. Sasa yule mtoto alitaka kusema nini? Alitaka kusema: «Mwalimu, umedanganyika.» Katika Kiswahili chetu cha huku, kudanganyika ni kukosea pasipo kujua, na kudanganya ni kusema uongo kwa kusudi. (Ndugu zetu wa Tanzania wao husema «umekosea», wakisikia «umedanganyika» wanafahamu kwamba mtu mwingine amekudanganya.) Kifaransa kina mtego uleule. «Vous vous trompez» ni kusema umekosea. «Vous nous trompez» ni kusema unatudanganya. Herufi moja tu imebadilika, na mwalimu amekuwa mwongo mbele ya wanafunzi wake.

Mfano wa pili. Kiswahili kina «wewe» moja kwa mtu mmoja, awe mtoto ao mkubwa. Heshima tunaiweka katika jina: Mwalimu, Baba, Mama, Mzee. Kwa hiyo mtu husema, «Mwalimu anasemaje juu ya ulizo hili?» wala hasemi «wewe unasemaje?» Kifaransa kinaweka heshima katika «vous». Mwanafunzi anayegeuza «wewe» yake moja kwa moja anamwambia mwalimu «tu», kama vile anaongea na mdogo wake.

Mfano wa tatu ni mchezo. «Mwalimu, hata leo shati ile ile?» Aliyesema alitaka watu wacheke kidogo. Hakufikiri kwamba pengine mshahara umechelewa, na kwamba shati ile imefuliwa usiku ili ikauke mbele ya asubuhi. Neno hili ni gumu kupita yale mawili ya kwanza, kwa sababu hapa hakuna lugha ya kusingizia.

II. «SIKUKUSUDIA» HAITOSHI

Neno la kwanza linalotoka kinywani mwetu sote ni: «Lakini sikukusudia!» Ni kweli, lakini haimalizi mambo. Tufikiri juu ya nyavu za wazazi wetu. Kiboko akipita usiku na kupasua wavu, hakukusudia kitu, alikuwa akienda njia yake. Mwizi akiukata kwa kisu, amekusudia. Lakini asubuhi tundu ni tundu, na samaki wanapita katika yote mawili sawasawa. Mwenye wavu anakaa chini na kuutengeneza.

Biblia inafundisha vile vile. Tusome Walawi 5:15-18. Mtu aliyekosa pasipo kujua bado alipaswa kuleta sadaka, na kama kosa lilihusu vitu vitakatifu vya Bwana, alilipa alichopunguza na kuongeza sehemu ya tano. Sheria haikumwita mtu huyo mbaya. Ilimwambia tu kwamba kuna kitu kimeharibika, na kuna mtu wa kukitengeneza.

Halafu tusome Matayo 5:23-24. Mtu yuko mazabahuni na sadaka yake, anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aache sadaka, aende kwanza kupatana. Tuangalie vizuri: Yesu hasemi «ukikumbuka kwamba ulikusudia vibaya». Anasema juu ya neno ambalo ndugu analo moyoni mwake. Anayepima jeraha ni yule aliyeumia. Sisi tuliosema tunapima nia yetu tu.

III. PAULO MBELE YA BARAZA

Kuna mtu mkubwa aliyepatwa na jambo hili kabisa. Ni mtume Paulo, katika Matendo 23:1-5. Anasimama mbele ya baraza kule Yerusalema. Kuhani mkuu Anania anaamuru apigwe kinywani. Paulo anajibu kwa ukali, anamlinganisha na ukuta uliopakwa chokaa. Watu wanamwuliza kama anathubutu kumtukana kuhani mkuu wa Mungu. Paulo anasema hakujua kwamba ndiye kuhani mkuu, na palepale anataja sheria ya Kutoka 22:28 inayokataza kumnenea mabaya mkuu wa watu. Wafundishaji wengine wanafikiri alisema vile kwa kejeli. Sisi tunayachukua maneno jinsi yalivyoandikwa, na ndani yake tunaona mambo matatu:

1. Paulo alikuwa na haki yake. Kumpiga mtu kabla ya kumhukumu ilikuwa kinyume cha sheria, naye alilisema wazi. Hata hivyo hakutumia haki yake kufunika neno lake.

2. Alisema «sikujua», lakini hakuishia hapo. Sheria aliyoitaja ilimhukumu yeye mwenyewe.

3. Aliwaita «ndugu» watu wale wale waliomkemea. Hakuwageuzia hasira.

Vivyo hivyo, aliyesema «unatudanganya» hapaswi sasa kukubali kwamba 7 × 8 ni 54. Ni 56, na itabaki 56. Anaomba samahani kwa ajili ya neno, si kwa ajili ya hesabu. Tusichanganye mambo hayo mawili.

IV. NAMNA YA KWENDA

a) Enda siku ileile, ao kesho yake. Neno likilala juma zima linaota mizizi. Mwalimu anafikiri unamdharau, nawe unaanza kukwepa somo lake.

b) Enda peke yako, wakati wa mapumziko ao kisha masomo. Usiende na rafiki watatu wa kukutetea. Usimsimamishe njiani akiwa na wageni.

c) Salamu kwanza. Kisha taja neno lenyewe jinsi ulivyolisema. Mtu anayesema «nisamehe kama nilikosa» bado hajakubali kitu. Sema hivi: «Mwalimu, jana nilisema unatudanganya. Neno lile lilikuwa la kukuvunjia heshima, na wenzangu walicheka. Naomba unisamehe. Nilitaka kusema umekosea, lakini ningepaswa kuchagua neno vizuri.» Tazama mpango wake: kosa kwanza, samahani ya pili, maelezo mwisho na mafupi. Ukianza na maelezo, mwalimu atasikia mtu anayejitetea.

d) Kama ulisema mbele ya darasa, uliza: «Mwalimu, ungependa niseme pia mbele ya wenzangu?» Mwachie yeye kuchagua. Walimu wengine wanapenda, wengine wanaona ni kufungua jeraha tena.

e) Ongeza ile sehemu ya tano. Juma linalofuata fika mbele ya saa, futa ubao, sikiliza vizuri. Na wenzako wakirudia kicheko kile kwenye barza, wewe ndiwe wa kukizima.

V. SAMAKI NA WAZAZI

Hapa kwetu mtu anaweza kufikiri: nitapeleka tilapia wawili wakubwa nyumbani kwa mwalimu, yataisha. Tusifanye hivyo. Zawadi kabla ya neno ni njia ya kukwepa neno, na ikiwa egzamena iko karibu inafanana na rushwa. Katika Matayo 5 sadaka inabaki mazabahuni, na mtu anaenda mikono mitupu. Wakati wa furaha utakuja, na familia ikitaka kumgawia mwalimu samaki siku ile, ni upendo tu.

Na wazazi? Kwa miaka mingi katika nchi yetu wazazi wamechanga pesa ya kusaidia walimu. Hata kisha serikali kutangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi ni bure, sekondari haikuingia katika mpango ule. Kwa hiyo wengine wanasema: «Sisi njo tunamlipa, aombwe samahani juu ya nini?» Neno hilo ni baya kupita lile la kwanza, maana sasa linakusudiwa. Pesa inalipa saa za mwalimu. Hainunui ruhusa ya kumchekelea.

VI. KAMA MWALIMU ANAKATAA

Inaweza kutokea. Umeenda vizuri, naye anasema: «Toka hapa.» Usijibu. Ngoja siku mbili tatu. Kisha fuata njia ya Matayo 18:16, tafuta mtu mzima anayeheshimiwa na wote wawili: mwalimu mwingine, mchungaji, mzazi mpole. Yule aende pamoja nawe. Na kama mwalimu anakupiga ao anakupunguzia pointi kwa sababu ya neno, mambo hayo ni ya kupeleka kwa prefe, kwa adabu na bila kuongeza chumvi. Unyenyekevu haukatazi mtu kusema ukweli.

Tumalizie kwa kuonyesha hasara iliyoko. Mwalimu aliyechekwa, asiyeombwa samahani, anaacha kuuliza darasa: «Mnaona kosa?» Mwanafunzi aliyeogopa anaacha kunyosha mkono. Basi 54 inabaki ubaoni, inaingia katika madaftari arobaini, na Exetat haitauliza nani alianza kuogopa. Tukitengeneza neno upesi, mwalimu atapenda kusahihishwa, nasi hatutaogopa kumsahihisha. Mungu atusaidie.

MAULIZO

1. Onyesha tofauti ya «kudanganya» na «kudanganyika». Tafuta maneno mengine mawili ya lugha yako yanayoweza kumwumiza mkubwa kwa kosa dogo la ulimi.
2. Katika Matendo 23, Paulo alikuwa na haki gani? Juu ya nini hakuitumia kufunika neno lake?
3. Andika kwa sentensi nne namna ya kumwomba samahani mwalimu aliyechekwa juu ya shati yake. Angalia usimwumize mara ya pili.
4. Je, mwalimu naye akimkosea mwanafunzi kwa neno asilolikusudia, Matayo 5:23-24 inamhusu? Mjadiliane kwa upole.