Mnyoo Asiye na Mdomo: Maandalio ya Somo la Maumbile ya Mwili

Shabaha: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza uhusiano kati ya umbo la kiungo na kazi yake.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kila mnyama ana mdomo na tumbo. Ukariri huo hujibu mtihani, lakini haumfundishi mtoto kuuliza kiungo kina kazi gani. Mwalimu aanze na kinachojulikana, ndipo aendee kigeni.

Hatua ya kwanza. Katika shule za Isingiro nyungunyungu hupatikana kwa urahisi chini ya matandazo ya migomba. Wanafunzi wahesabu pingili zake, kisha wamweke kitambo kidogo juu ya karatasi kavu na kusikiliza. Mkwaruzo watakaousikia ni wa vinywele vigumu vinavyomsaidia kutambaa. Wamrudishe udongoni. Mwalimu achore ubaoni mdomo, firigisi, utumbo na mkundu, akieleza kwamba mnyama huyu hana mapafu bali hupumua kwa ngozi yake yenye unyevu.

Hatua ya pili. Wanafunzi wakumbushwe chemchemi za maji moto za Mtagata, wilayani Kyerwa. Chemchemi za maji moto zipo hata chini ya bahari. Mwaka 1977 wanasayansi walizikuta karibu na visiwa vya Galapagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, mahali pasipofikiwa na jua. Kandokando yake waliishi minyoo wakubwa, jamaa wa nyungunyungu.

Hatua ya tatu. Mnyoo huyo, aitwaye Riftia pachyptila, huweza kufikia urefu wa mita 2. Hukaa ndani ya bomba gumu alilojitengenezea. Mwili wake una sehemu 4: kishungi chekundu kwa damu, shingo yenye misuli imshikizayo bombani, kiwiliwili kirefu, na kitako kifupi chenye pingili na vinywele vigumu. Akishakomaa hana mdomo wala utumbo. Hapo mwalimu aulize: "Basi anakulaje?" Majibu yote yaandikwe ubaoni kabla ya maelezo.

Maelezo. Kishungi hufyonza oksijeni, kabonidayoksaidi na gesi yenye harufu ya yai bovu itokayo chemchemini. Damu huvipeleka kiwiliwilini, ambamo bakteria wengi mno hutumia nguvu ya gesi hiyo kutengeneza chakula, kama jani la mgomba litumiavyo nguvu ya jua. Mnyoo huishi kwa chakula hicho.

Upimaji. Mwalimu aulize: "Nyungunyungu angepoteza mdomo, angeishi? Kwa nini?" Mtoto atajaye viungo tu bado hajafuzu, atoaye sababu amefuzu.