Wameacha kuja jumuiyani: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya parokiani. Familia kadhaa hazionekani tena, si kwenye sala wala kwenye Misa. Tuwarudisheje?

JIBU: Nendeni nyumbani kwao, wawili tu, tena bila daftari la michango. Wengine hukwepa aibu ya zaka na ahadi wasizoweza kulipa. Wengine walifiwa na jumuiya haikufika. Waulizeni hali, msikilize bila kujitetea. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Basi mgonjwa aitiwe padre na mfiwa afarijiwe, hata kama hajachanga chochote. Majina ya familia hizo msiyataje hadharani. Mwenyekiti, anza wiki hii na nyumba iliyo jirani yako.