Joto la Nyumba Halianzii Kwenye Jiko

Mwezi wa sita umeingia, wadogo zangu, na ninyi mnaoishi Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe na Mbeya hamngoji mtu wa hali ya hewa awaambie. Maji ya bomba yanauma vidole, sare za watoto hazikauki, na kutoka kitandani alfajiri kunataka moyo. Maswali ninayoulizwa msimu huu ni yale yale kila mwaka. Dada, ninunue hita? Dada, gunia la mkaa halifiki hata mwisho wa mwezi, nifanyeje? Dada, mtoto anakohoa usiku, nimwingizie jiko chumbani?

Hilo la mwisho nitalijibu bila kuzunguka, subirini kidogo. Kwanza tukubaliane jambo moja ambalo likieleweka mfuko utapumua. Joto la bei rahisi kuliko yote ni lile ambalo tayari umo nalo ndani: la mwili wako, la jua la mchana, la chakula kilichotoka kuiva. Kazi yako ya kwanza ni kulizuia lisitoke. Anayeanza kwa kuwasha moto anamaliza hela na bado anatetemeka. Anayeanza kwa kuziba, kutandika na kuvaa akija kuwasha moto, anauwasha kidogo tu.

Nasema hasa na wewe mwalimu, muuguzi au mwanafunzi uliyepangiwa huku ukitokea Dar, Tanga au Lindi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takribani nyuzi 6. Hapo bado hujahesabu upepo wa kusi. Ukipanda zaidi mpaka Kitulo, kuna asubuhi nyasi zinaamka na sakitu nyeupe. Sasa tazama chumba ulichopanga: matundu ya hewa juu ya kila dirisha, mlango unaoning'inia vidole viwili juu ya sakafu, bati tupu bila dari. Nyumba ya namna hiyo inamfaa mtu wa Pwani anayetaka joto litoke. Wewe unataka libaki. Kuwasha hita humo ni kuteka maji kwa pakacha.

Kama bado unatafuta chumba, angalia upande. Miezi hii jua letu linapita kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini linapokea jua karibu siku nzima, na linalotazama magharibi linalipata la jioni. Upepo wa kusi unatokea kusini mashariki. Mlango ulioelekea huko utakupulizia baridi usiku kucha. Ukipewa vyumba viwili vya bei moja, chukua chenye jua na chenye dari, hata kama ni kidogo. Chumba kidogo kinapata joto haraka.

Aliyekwisha kupanga naye asikate tamaa. Anza na mlango. Chukua mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, ukate kwa urefu wa mlango na vidole vinne zaidi, ushone upande mmoja. Nenda kwa mafundi seremala, huku kwetu mbao ni nyingi na maranda wanayatupa. Yakaushe juani, yashindilie ndani ya ule mguu mpaka uwe mgumu, kisha shona upande wa pili. Ukifunga mlango usiku, ulaze pale chini. Utashangaa ni baridi kiasi gani ilikuwa inapita kwenye uwazi ule. Madirisha yanayocheza yabane kwa vipande vya sponji au kitambaa kilichokunjwa, na kioo kilichopasuka usikiache na karatasi ya gazeti mwaka mzima. Kioo kimoja si ghali kuliko mkaa wa mwezi.

Pazia nalo lina kazi yake. Lile jepesi la kupendezea sebule halizuii kitu. Shona kitenge chako kwa mbele na blanketi kuukuu kwa nyuma, lifike chini ya dirisha na lizidi pembeni. Kisha lipangie saa. Jua likikolea, saa tatu au saa nne asubuhi, lifungue kabisa. Mchana fungua na madirisha, hewa ibadilike na unyevu utoke, maana chumba chenye unyevu kinaota ukungu kwenye kuta na kinawasumbua wenye pumu. Toa godoro na mablanketi yapigwe na jua. Ikifika saa kumi jioni, kabla jua halijapoa, funga kila kitu. Wengi wanafunga saa moja usiku, wakati joto la mchana lilikwisha kutoka zamani.

Dari ndiyo gharama inayolipa kuliko zote, kwa sababu joto hupanda juu na bati halilizuii. Ndiyo maana asubuhi nyingine unadondokewa na maji kitandani wakati mvua haikunyesha: ni pumzi zenu wenyewe, zimefika kwenye bati baridi zikageuka maji. Kama nyumba ni yako na hela haitoshi, weka dari chumba cha kulala peke yake mwaka huu, vingine vitafuata. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwa adabu, mpendekezee ukatwe kwenye kodi, na makubaliano myaandike.

Sasa tuje kitandani, maana huko ndiko baridi inakotesa. Watu wanarundika mablanketi juu na kusahau kwamba baridi inaingia kwa chini. Kabla ya godoro, panga maboksi yaliyokunjuliwa juu ya chaga. Juu ya godoro tandika blanketi moja, kisha shuka, ndipo ulale. Blanketi moja la chini lina thamani ya mawili ya juu. Na usilale na nguo ulizoshinda nazo. Zimenyonya jasho na unyevu, badilisha uvae kavu, na soksi kavu. Masweta na mablanketi ya mitumba yatafute mwezi wa pili au wa tatu, kabla mji mzima haujaanza kuyagombania.

Nije kwenye hita, kwa hesabu ya LUKU ambayo kila mtu anaielewa. Hita ndogo ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha kwa muda wa saa tatu kila usiku, ni uniti sita; kwa mwezi ni uniti 180. Mteja wa kawaida wa nyumbani analipa takribani shilingi 350 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Hiyo ni zaidi ya shilingi 60,000 kwa mwezi, ya hita peke yake. Na wewe uliye kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hita hiyo itakutoa huko na bei yako nafuu itapotea.

Sasa linganisha. Lita mbili za maji ukizichemsha kwa birika la umeme zinatumia robo ya uniti au pungufu, hazifiki shilingi 100. Yaache yapoe kidogo, yatie kwenye ule mfuko wa mpira unaouzwa maduka ya dawa, ufunge vizuri, uuvike soksi au taulo, uweke miguuni chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Chupa za plastiki za maji ya dukani usizitumie, zinanywea na kukumwagia maji ya moto. Hita inapasha hewa ya chumba kizima wakati anayesikia baridi ni wewe uliye chini ya blanketi. Pasha kitanda, mdogo wangu, chumba kitajijua.

Kama hita ni lazima, labda kuna mzee au mgonjwa, iwashe chumba kimoja kilichozibwa, kwa saa moja kabla ya kulala, kisha uizime. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani ya nyumba kusipungue nyuzi 18, hasa kwa wazee, watoto na wagonjwa, kwa hiyo wao wapewe chumba chenye jua na dari, ninyi wenye nguvu mhamie kwingine. Hita isichomekwe kwenye waya wa kuunganisha wenye simu na redio. Unapata moto na kuyeyuka. Isisogelee pazia, wala usianike nguo juu yake.

Maji ya kuoga nayo yanamaliza mkaa kimyakimya. Ukishasonga ugali, jiko bado lina moto mzuri. Bandika sufuria ya maji hapohapo, funika, halafu yamimine kwenye chupa ya chai kwa ajili ya asubuhi. Sufuria isiyofunikwa inachemsha hewa. Na kuni nunueni mwezi wa kwanza au wa pili mkazipange chini ya paa, maana kuni mbichi inatumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, halafu inakuachia moshi.

Haya, sasa lile swali la mtoto na jiko. Jibu langu ni hapana, na sina jibu lingine.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wanadanganyika kwamba mkaa ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi, hatari imekwisha. Wakati huo ndipo inapotoka bila wewe kuiona. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu ya zaidi ya mara 200, na mwili unakosa pumzi wakati mapafu yanapumua. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kukosa nguvu. Aliyelala hasikii chochote. Ndiyo maana kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi haiamki, mama, baba na watoto, na jiko katikati ya chumba.

Msiniambie mmeacha dirisha wazi kidogo. Ukubwa wa upenyo unaotosha hakuna anayeweza kukupimia. Msiniambie mmeweka beseni la maji karibu. Maji hayanyonyi sumu hiyo. Na kwa kuwa nimewafundisha kuziba milango na madirisha, nawaambia na hili kwa uzito uleule: chumba kilichozibwa na jiko la mkaa havikai pamoja, hata kwa dakika kumi za kupasha miguu. Pikia nje au jikoni penye uwazi, na jiko libaki hukohuko. Gesi ya kupikia nayo siyo ya kupashia chumba.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani kwenye jiko, fungua mlango, mtoe nje penye hewa, kisha mkimbizeni hospitali hata kama ameanza kuongea. Piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Msikae kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyo kwenye damu, yanawapotezea muda.

Mtoto mchanga joto lake ni kifua chako. Mweke ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, mjifunike khanga na blanketi mkiwa mmekaa macho. Mfuko wa maji ya moto usilazwe naye, unaunguza ngozi yake laini. Na kikohozi kisichoisha hakiponi kwa joto la chumba, kinataka daktari.

Kwenu wanaume, na wanawake tumo: ulanzi na komoni havipashi mwili. Pombe inatanua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni huku joto la ndani likitoka. Ukilala nje au chumba wazi umelewa, baridi hiyo inaua. Uji wa moto, makande, kiporo cha viazi na chai ya tangawizi vinafanya kazi ambayo chupa haifanyi.

Kwa wanaojenga, ongezeni kwenye ramani jiko la matofali lenye dohani inayotoka juu ya paa. Moto wa kuni unabaki kwenye matofali, moshi na sumu vinapanda nje. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi, hasa mkichoma misindano, maana masizi yake yanashika moto.

Basi hela yako ya mwezi huu ipange hivi: kwanza ziba mlango na dirisha, pili blanketi la chini na pazia zito, tatu mfuko wa maji ya moto, nne anza kuweka akiba ya dari. Hita iwe ya mwisho. Na usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, nakuomba kama dada yako: pita jikoni uhakikishe jiko halimo ndani mnamolala. Ukiwa na jirani mgeni aliyehamia juzi kutoka Pwani, mgongee umwambie naye.