Nani Anaweza Kukupa Uloto?

Familia ikiambiwa mgonjwa wao anahitaji kupandikizwa uloto, wengi hukimbilia kuulizana makundi ya damu. Silo linaloamua. Mwenye kundi O anaweza kumpa mwenye kundi A, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa akawa na kundi la aliyempa. Kinachoamua ni alama za HLA, protini zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni.

Vinasaba vya alama hizo vimekaa jirani kwenye kromosomu ya 6, hivyo hurithiwa fungu zima. Tuseme baba ana mafungu 1 na 2, mama 3 na 4. Watoto watakuwa 1-3, 1-4, 2-3 au 2-4. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa; ndugu wakiwa watatu, uwezekano wa kumpata hata mmoja ni kama asilimia 58. Wazazi, kwa mapenzi yao yote, kwa kawaida hulingana nusu, na ndugu wa mama tofauti hawatarajiwi kuzidi hapo.

Kipimo ni cha damu au mate tu, lakini kinaweza kufichua kwamba baba mlezi siye mzazi. Ombeni kuzungumza na mshauri kabla ya kupima, si baada.

Kwa mgonjwa wa selimundu, ndugu aliyebeba kinasaba kimoja bila kuugua anaweza kuwa mtoaji. Msimwondoe kwenye orodha. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Alama zikitofautiana, kinga mpya itokayo kwenye uloto wa mtoaji huweza kuushambulia mwili wa mgonjwa: vipele, kuhara, macho kuwa ya manjano. Hutokea hata kwa waliolingana, kwa sababu ya tofauti ndogo za vinasaba vingine. Mwanamume aliyepewa uloto na mwanamke aliyewahi kuzaa, kwa mfano, yumo katika hatari zaidi. Mwenye dalili yoyote kati ya hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nje ya ukoo ndiko kwenye uchungu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikadiria kuwa Mzungu hupata mtoaji aliyelingana kabisa kwenye daftari la watoaji kwa asilimia 75, Mmarekani Mweusi kwa asilimia 19. Waafrika tuna alama za HLA za aina nyingi kuliko watu wengine, na waliojiandikisha ni wachache mno. Afueni imetoka kwenye dawa ya saiklofosfamidi: ikitolewa siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji, huua seli zilizoanza kushambulia, na mzazi aliyelingana nusu akaweza kutoa. Mwulizeni daktari kuhusu njia hiyo kabla ya kukata tamaa.

Na mkiombwa damu wodini, ichangieni benki, lakini mgonjwa mwenyewe asiongezewe damu ya ndugu. Mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za ndugu huyo, na uloto wa ndugu huyo ukaja kukataliwa.