Shamba la Anathothi
(Soma Yeremia 32)

Wengi huuliza, Mkristo ataishikaje imani yake siku za njaa, au vita, au maradhi? Nasi hujibu upesi, Amini tu. Neno hili ni kweli, lakini aliye taabuni ataka kujua kuamini kwafanywaje kwa mikono. Basi tumtazame Yeremia.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, naye Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwa sababu alisema kwamba mji utatwaliwa. Ndipo akaja Hanameli, mwana wa Shalumu ndugu wa babaye, akamtaka anunue shamba lake la Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yake. Shamba gani hilo! Mnunuzi hawezi hata kwenda kuitazama mipaka yake.

Yeremia alilinunua. Alipima fedha katika mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Kisha akampa Baruku mwana wa Neria hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Sisi tujuao mashauri ya mashamba mbele ya wazee twafahamu ya kuwa mtu hasumbukii mashahidi kwa ajili ya shamba analodhani limepotea.

Wala msidhani ya kuwa moyo wake ulitulia. Alipokwisha kuitoa hati aliomba, na katika maombi yake mna mshangao mkubwa: Mungu amwambiaje anunue shamba, na maboma ya adui yamekwisha kufika ukutani? Mwalimu asiwafiche wanafunzi sehemu hii. Wako wadhanio ya kuwa kuuliza ni kukosa imani. Mimi sioni hivyo. Yeremia alitii kwanza, fedha ikatoka mkononi, ndipo akamletea Mungu swali lake. Akajibiwa kwamba mji utateketezwa kweli, na kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Manabii waliotangaza amani tu hawakuweza kuyashika maneno hayo mawili pamoja.

Kwa hiyo mwalimu akiona watu wake wamelegea, na awaulize: Kazi gani mmeiacha kwa kuwa mwaka ni mbaya? Darasa la ubatizo? Paa la kanisa? Deni la jirani? Angojaye mwaka mwema ndipo awafundishe watoto wake, ataona wamekwisha kukua.

Yerusalemu ulianguka yapata mwaka wa 587 kabla ya Kristo. Yeremia alichukuliwa Misri, wala hatusomi kwamba alilima shamba lile. Lakini katika Ezra 2 wamehesabiwa waliorudi kutoka uhamishoni, na kati yao wamo watu wa Anathothi, 128.