Jina Lisilo na Mwenyewe: Istilahi ya BIM na Faida ya Wauzaji wa Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kwa jicho la isimu istilahi moja ya taaluma ya ujenzi, yaani BIM: uundaji wa modeli ya taarifa za jengo katika kompyuta. Kwa kawaida istilahi hupimwa kwa namna ilivyoundwa na kwa usahihi wake. Swali letu ni jingine: ni nani hufaidika jina linapokubalika? Tunashikilia kwamba wauzaji wa programu za usanifu majengo walifaidika na jina lenyewe, sambamba na bidhaa zao, na kwamba utata wa jina hilo humfikia mfasiri wa Kiswahili.

2.0 Majina mengi, soko dogo

Dhana ni kongwe kuliko jina. Mwaka 1975 Charles Eastman alikwisha kueleza mfumo ambamo jengo si mkusanyiko wa mistari bali wa vitu: mlango hutambulika kuwa ni mlango, na michoro yote hutokana na maelezo yaleyale. Maneno yanayofupishwa kuwa BIM yalitumiwa na van Nederveen na Tolman katika makala yao ya mwaka 1992. Hata hivyo, sokoni kila mmoja alikuwa na lake. Graphisoft ya Hungaria, kwa mfano, iliinadi dhana hiyo kwa jina la Virtual Building. Mwaka 2002 Autodesk iliinunua kampuni iliyotengeneza Revit kwa dola milioni 133, ikaanza kulinadi jina BIM. Naye mchambuzi Jerry Laiserin akahimiza makampuni yote yalikubali. Washindani nao wakalichukua.

Kwa nini mfanyabiashara aliache jina lake? Jina la kampuni humlazimu muuzaji kufundisha dhana na kuuza bidhaa kwa wakati mmoja, tena kwa gharama yake peke yake. Jina lisilo na mwenyewe hugawa gharama hiyo. Zaidi ya hayo, serikali haiwezi kwa urahisi kuagiza chapa ya mtu, lakini yaweza kuagiza BIM. Ndivyo ilivyofanya serikali ya Uingereza mwaka 2011, ilipotaka miradi ya serikali kuu iitumie ifikapo 2016. Hakuna kampuni iliyotajwa. Soko likafunguka kwa wote.

Faida nyingine ni ya kimyakimya. Mchoro wa karatasi husomwa na yeyote aliyejifunza kuusoma. Modeli hufunguliwa kwa programu iliyoiunda. Mteja akishaweka humo kazi ya miaka kumi, kuhama ni ghali. Muundo wa wazi wa IFC, uliokuwa kiwango cha kimataifa ISO 16739 mwaka 2013, hupunguza kifungo hicho, ingawa hauvushi kila kitu. Mwaka 2020 wasanifu majengo wa Uingereza waliiandikia Autodesk barua ya wazi wakilalamikia, pamoja na mengine, gharama za Revit.

3.0 Herufi M

Katika Kiingereza M husimamia modeli na pia uundaji wake. Muuzaji hana haja ya kuchagua: leo anauza kitu, kesho anauza utaratibu wa kazi. Ngeli za Kiswahili hazituachii nafasi hiyo. Tulinganishe:

(a) Mkandarasi atakabidhi modeli ya taarifa za jengo.
(b) Mkandarasi ataendesha uundaji wa modeli ya taarifa za jengo.

Katika (a) mwenye jengo anadai kitu. Katika (b) anadai kitendo tu, na kazi ikiisha huenda asibaki na chochote anachoweza kukifungua. Mfasiri wa mkataba anayeiacha BIM kama ilivyo anauhamisha utata huo pamoja na madhara yake. Tunapendekeza istilahi mbili zitenganishwe, na muundo wa faili utajwe palepale penye neno modeli. Wapo wanaopendelea kielelezo. Neno hilo ni zuri, ila katika lugha ya mahakama limekwisha kushika maana ya kitu kinachotolewa kuwa ushahidi, na mikataba ya ujenzi haikawii kufika huko.